Hatari ya Kununua na Hatari ya Mkiwa

Kuna watu wanaolipa hela zao halali ili watupwe majini. Wanalipa nauli ya ndege, viza na ada ya kampuni, kisha wanavaa helmeti na kukaa kwenye ukingo wa boti la mpira lisilo na injini, kasia mkononi, wakisubiri mto uwafanye unavyotaka. Wengine wanakwenda Marekani, kwenye Grand Canyon, ambako mto Colorado umelichimba jangwa likabaki korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Wengine wanakuja huku kwetu, Jinja nchini Uganda, mahali ambapo Nile inatoka Ziwa Victoria na kuanza safari yake ya kwenda Misri. Biashara hiyo ipo Jinja tangu miaka ya 1990, na imekuwa sehemu ya maisha ya mji ule kama vile samaki na miwa.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: ni sawa kimaadili mtu kununua hatari? Siulizi kama ni halali kisheria, maana sheria haina neno. Nauliza kama kuna ubaya wowote mtu mwenye afya yake na watoto wake kulipia nafasi ya kuzama, kwenye bara ambalo watu wanazama bila kulipia.

Huku kwetu majibu mawili ndiyo yanayosikika zaidi. La kwanza ni dharau: wazungu wana hela za kuchezea, wakikosa shida wanazitafuta. La pili ni tamaa: lete hao watalii, wacha wazame, mradi walipe. Majibu yote mawili yanaruka swali. Anayedharau hajauliza kilicho ndani ya ile hatari, na mwenye tamaa hajauliza inabaki na nani watalii wakishaondoka.

Nianze na lugha, kwa sababu imeniwekea swali hili karibu kuliko nilivyotegemea. Kwa Kiswahili, Grand Canyon ni korongo. Olduvai, kule walikochimbwa watu wa kale, ni korongo. Na ule mfereji wa mchanga unaokata njia ya kwenda shamba kwa mama yangu mkubwa, Mkiwa mkoani Singida, nao ni korongo. Neno ni lile lile. Maana yake ni mahali ambapo maji yamepita yakachukua ardhi. Lugha haijali kama pembeni kuna hoteli au kuna mbuzi.

Kwa asiyepajua Mkiwa: ukitoka Manyoni kwenda Singida mjini, ndipo njia inapogawanyika. Moja inaendelea Singida, nyingine inakata kwenda Itigi, Rungwa na hatimaye upande wa Chunya na Mbeya. Ni nchi ya ukame. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu basi. Miezi iliyobaki makorongo yanakuwa mchanga mtupu. Watu wanafukua mchanga kutafuta maji ya kunywa, ng'ombe wanapita, malori yanachota mchanga wa kujengea, watoto wanachezea mpira humo. Kisha siku moja mvua inanyesha mbali, mahali ambapo hata wingu lake hukuliona, na korongo lililokuwa njia asubuhi linageuka mto mchana. Hakuna king'ora wala bendera. Unasikia mvumo, na kama una bahati unausikia ukiwa bado kwenye ukingo.

Sasa turudi kwenye swali. Jibu la kidini ni rahisi kulitaja. Msikitini na kanisani tumefundishwa kwamba uhai ni amana, na kwamba mtu asijitupe kwenye maangamizi kwa mikono yake wala asimjaribu Mungu. Naliheshimu fundisho hilo. Lakini likitumika juu juu litafuta vitu vingi ambavyo wazee wetu hawakuviona kuwa dhambi. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambapo vijana wanamchokoza fahali uwanjani na kumkwepa. Makunduchi, kila mwaka siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wanapigana kwa migomba hadharani na baadaye wanakula pamoja. Jandoni, katika makabila mengi ya nchi hii, mvulana alipelekwa porini kukutana na maumivu na baridi kwa makusudi. Kwa hiyo hatari ya hiari haikuletwa na ndege ya KLM. Tunaijua. Watoto wa Mkiwa wenyewe wanaijua: mvua ikikatika na maji yakitulia kwenye madimbwi ya korongo, hakuna fimbo inayoweza kuwazuia wasiruke humo. Raha ya maji haina tabaka.

Lakini tazama jinsi wazee walivyoipanga hatari hiyo. Jandoni palikuwa na ngariba na mlezi wa kila mwali. Mwaka Kogwa una watu wanaopigana na pia una watu wanaosimamia wasipitilize. Fahali wa Pemba amefungwa kamba, na kamba ina mwenyewe. Hakuna mahali ambapo mtu aliachwa na hatari peke yake na jambo hilo likaitwa mchezo. Hatari ya hiari siku zote ilikuwa na mtu amesimama pembeni.

Nimewahi kuteremka Nile kwa boti la mpira. Nilikuwa Jinja kwa kazi, nikabakiwa na siku moja na posho kidogo, nikalipia. Ninachokumbuka zaidi ni ile sehemu ambayo haimo kwenye matangazo, yaani somo kabla ya safari. Walituambia shika kasia kwa kile kishikio cha juu usimvunje mwenzako meno. Ukianguka usipambane na mto. Lala chali, miguu itangulie, acha jaketi okozi likubebe. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokwenda kasi hata kama yanaonekana ya magotini, kwa sababu mguu ukinasa kwenye jiwe, maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka. Kisha, penye maji tulivu, wakaipindua boti kwa makusudi tukiwa ndani, ili mara ya kwanza ya kuanguka iwe mahali ambapo kuanguka hakuui.

Nikiwa darasa la nne, katika kijiji cha jirani na Mkiwa, korongo lilimchukua mwenzetu wakati wa mvua. Alikuwa anatoka shule. Alipatikana siku ya pili, mbali, mchanga umeshamfunika nusu. Tulipanga mstari, tukaomba, tukaambiwa maji ni hatari. Hatukuambiwa kitu kingine. Hakuna aliyetuambia usisimame kwenye maji yanayokimbia, wala lala chali, miguu mbele. Maneno hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na miaka 31, nimevaa helmeti ya kukodi, kwa sababu nilikuwa mteja.

Baada ya somo ndipo tukaingia mtoni. Mito ya aina hii hupimwa kwa madaraja, kuanzia la 1, maji yanayotembea tu, hadi la 6, maji ambayo kampuni haipeleki mteja. Mbele yetu walitangulia vijana kwenye kayaki, mmoja mmoja, wakafika chini ya kila poromoko kabla yetu na kutusubiri. Nyuma ilikuja boti yenye dawa na kamba. Tulipofika Itanda, ambako mto unavunjika vibaya, tuliteremka wote na kuipita sehemu mbaya kwa miguu, kandokando ya mto, bila mtu yeyote kutucheka.

Na mto wenyewe si mwitu kama unavyotangazwa. Pale Jinja umefungwa tangu 1954, lilipojengwa bwawa la Owen Falls. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaona kuwa makao ya mzimu wao na watalii waliyaona kuwa mwanzo mzuri wa safari, yalifunikwa na maji ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, na chini yake likaja la Isimba. Colorado nayo, kabla ya kuingia Grand Canyon, inapita kwenye bwawa la Glen Canyon, ambalo lango lake lilifungwa mwaka 1963. Maana yake, kiasi cha maji anachokutana nacho mtalii kwenye mto mkuu kinategemea sana watu wanaofungua na kufunga milango. Mto una nguvu, unaweza kuua, na umeshaua. Ila una saa zake. Korongo la Mkiwa halina mlango wala saa.

Mwaka jana nilikwenda Mkiwa kumsalimia mama mkubwa. Tulikaa chini ya mti, nikamwonyesha kwenye simu video ya boti letu likipinduka. Nilitegemea acheke, au anigombeze.

"Mungu wangu!" alisema. "Rudisha tena."

Nikarudisha. Akaiangalia mara tatu, simu ameishika mbali kama wanavyoshika watu wazima.

"Hawa wa vimtumbwi vidogo huku chini, wao wanangoja nini?"

"Wanatungoja sisi, mama mkubwa. Tukianguka watuvute."

"Kwa hiyo mlijua mtaanguka."

"Tulijua tunaweza kuanguka."

"Na hao walijua."

"Ndiyo, ndiyo kazi yao."

Akanirudishia simu. "Sasa hiyo hatari gani, mwanangu? Hatari ni kuanguka wakati hakuna mtu anayejua kama ulikuwa unapita."

Nimesoma vitabu kadhaa vya falsafa ya maadili chuoni, na sikumbuki mahali ambapo jambo hili limesemwa vizuri hivyo. Sisi tumezoea kupima hatari kwa ukali wa kitu: maji mengi, jiwe kali, simba mkubwa. Mama mkubwa anaipima kwa idadi ya watu wanaojua uko wapi. Kwa kipimo chake, daraja la 5 la Jinja, lenye kayaki nne zikikungoja, linaweza kuwa hatari ndogo kuliko maji ya magotini korongoni saa kumi na moja jioni, mtoto yuko peke yake na daftari kwenye mfuko wa plastiki.

Kiswahili kina neno la mtu huyo. Mkiwa ni mtu aliyeachwa, asiye na wa kumtazama, na hali yake inaitwa ukiwa. Sidai kwamba jina la kijiji limetokana na neno hilo. Majina ya vijiji yana historia zake, na huku yanapitia Kinyaturu kwanza. Ila neno lenyewe linanisaidia kutenganisha vitu viwili tulivyovichanganya. Ipo hatari ya kununua, ambayo inakuja na watu. Na ipo hatari ya mkiwa, ambayo inakuja peke yake. Tofauti haipo kwenye maji.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, tazama ziwa lile lile ambalo Nile inatoka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikafa na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi kutia nanga Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Ndugu walikuwa ukingoni wakiangalia. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja. Maji yanayopita Ukara ndiyo, mwisho wa yote, yanayofika kule ambako kila abiria anakaguliwa mkanda wa jaketi mara mbili kabla boti halijaondoka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Afrika Mashariki haijui kumlinda mtu majini. Inajua, na imebobea. Swali ni inamlinda nani.

Hapo ndipo jibu langu la swali la mwanzo linapoanza kujitokeza. Sioni ubaya kwa mtu kununua hatari. Furaha ya kupita kwenye maji makali ukatoka upande wa pili unacheka ni furaha ya kweli, na sitaki kuwa mtu wa kumnyima mwenzangu kwa sababu tu mimi nina msiba. Ubaya upo mahali pengine: kwamba maarifa ya kumwokoa mtu yamegeuzwa bidhaa inayouzwa pamoja na tiketi, na asiye na tiketi anaachiwa sifa.

Nasema sifa kwa sababu ndicho tunachompa. Fungua gazeti lolote wakati wa masika, utakuta picha ya watoto wamebeba viatu kichwani wanavuka mto, na chini yake neno "jasiri" au "bila kukata tamaa". Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba baharia aliyezoea dhoruba ana matumaini kwa sababu ana uzoefu, na akasema hilo si sawa na ujasiri. Ujasiri kwake ulihitaji mtu ajue anachokiogopa na achague kukikabili kwa sababu ya jambo jema. Ukichukua kipimo hicho, mtalii wa Jinja si jasiri sana. Amekodi uzoefu wa watu wengine kwa siku moja. Na mtoto wa korongoni naye si jasiri, kwa sababu hakuchagua. Amekuta maji kati yake na nyumbani. Kumwita jasiri ni njia ya heshima ya kumwacha hapo hapo. Tunampigia makofi ili tusimtafutie kamba.

Najua pingamizi linalokuja. Jamani, hiyo ni hela. Kampuni inaweka vijana wanne wa kayaki kwa sababu mteja amelipa dola. Serikali ya kijiji itatoa wapi kayaki, na makorongo yako mangapi? Ni kweli, kalavati ni ghali na daraja ni ghali zaidi. Lakini nimejaribu kuorodhesha vitu vilivyonifanya niwe salama siku ile Jinja, na vingi havikuwa vya bei. Somo la saa moja. Kamba. Mtu mmoja anayejua hesabu ya waliopita na waliobaki. Na kitu cha nne, ambacho nadhani ndicho kikubwa kuliko vyote: yupo mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hatupiti hapa, na akisema hivyo, hakuna anayeaibika.

Wahenga wametufundisha kwamba ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa kumaliza kazi uliyoianza. Kwa korongo lililojaa ni methali ya kuua. Pale Itanda nilivaa, nikavua, nikavaa tena, na safari ikaendelea. Mtoto wa shule hana ruhusa hiyo. Anafika korongoni saa moja asubuhi, maji yamejaa. Akirudi nyumbani amekuwa mtoro, na mtoro anajulikana anachokipata kesho yake. Akivuka, huenda akafika. Anaogopa fimbo kuliko maji, kwa sababu fimbo ana uhakika nayo. Katika hali hiyo usimwambie mtoto awe mwangalifu. Mwambie mwalimu na mtendaji waandike sheria moja: korongo likijaa, asiyefika shule siku hiyo hakutoroka. Sheria hiyo haina bei. Inahitaji karatasi na mhuri.

Lakini hata kurudi nyuma kunahitaji kuandaliwa, na kisa cha Grand Canyon kinalionyesha hilo vizuri. Mwaka 1869 John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliteremka Colorado na mito yake akiwa na wenzake tisa na mashua nne za mbao. Mmoja aliacha safari mapema. Mwishoni mwa Agosti, walipokuta maporomoko yaliyoonekana hayapitiki, watatu wengine walisema imetosha, wakapanda ukuta wa korongo kutafuta makazi ya watu. Powell na watano waliobaki wakaingia majini, na siku mbili baadaye wakatoka salama upande wa pili. Wale watatu waliuawa huko juu, nchi kavu. Waliochagua tahadhari ndio waliokufa.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba kinafundisha kusonga mbele. Mimi nakisoma tofauti. Watatu wale hawakukosea kuogopa maji. Walikosa njia ya kurudia. Juu ya ule ukuta hapakuwa na mtu aliyewatarajia, wala kituo, wala taarifa kwamba wako njiani. Walitoka kwenye hatari yenye wenzao wakijuana, wakaingia kwenye hatari ya mkiwa. Ndiyo maana haitoshi kumwambia mtoto rudi. Lazima pawe na pa kurudi: nyumba ya upande huu wa korongo ambayo mwenyewe anajua kwamba siku za mafuriko watoto watakaa kwake hadi maji yapungue, na simu moja ya kumwambia mzazi wa ng'ambo kwamba wapo, wamehesabiwa, wametimia.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh. Hanang ni jirani zetu. Ukiwa Singida siku isiyo na vumbi, mlima ule unaonekana. Walikufa watu zaidi ya 80. Baada ya hapo hakuna mtu wa nchi yetu anayeweza kusema kwamba mafuriko ni ya watu wa pwani na mabondeni. Nchi kavu ndiyo inayoshtukizwa zaidi, kwa sababu miezi ya vumbi inawasahaulisha watu kwamba korongo lilichimbwa na nini.

Sasa, je, Mkiwa wangependa watalii wa namna hii? Nimesikia vijana wakilizungumzia. Njia inafunguka kwenda Rungwa na kusini, Singida ina yale mawe makubwa ya kupanda, ukingo wa bonde la ufa uko karibu. Siwezi kuwaambia wasitake. Jinja imenifundisha kwamba inawezekana faida ikabaki: wengi wa vijana waliokuwa wakitungoja chini ya maporomoko walizaliwa kando ya mto ule, na baadhi ya vijana wa Uganda wamekuwa wapiga kayaki wanaoshindana kimataifa. Wazazi wao waliujua mto kwa kuuogopa. Wao wanaujua kwa kuusoma. Hiyo ni elimu, na imepatikana kwa sababu mgeni alitaka kucheza.

Lakini ningewapa vijana hao, na kampuni yoyote itakayokuja, mtihani mmoja. Mgeni akishaondoka, mtoto wa kijiji anabaki na nini? Kama anabaki na picha na pipi, basi hatari imeuzwa na usalama umerudi na ndege. Kama anabaki anajua kulala chali na miguu mbele, kama nguzo ya kupimia kina iliyopakwa rangi nyekundu kwa ajili ya watalii inamwonya na yeye, kama kamba iliyofungwa kwa ajili yao haikufunguliwa walipoondoka, hapo mchezo umekuwa halali machoni pangu. Hela ya mgeni imemnunulia mgeni furaha na imemnunulia mwenyeji mtu wa kusimama pembeni.

Kwa hiyo jibu langu, kwa wale waliokuwa wanasubiri jibu: nunua hatari ukitaka, ni hela yako na ni mwili wako. Ila ukishavishwa jaketi na kukaguliwa mkanda, jua kwamba umenunua watu zaidi ya ulivyonunua mto, na kwamba watu hao ndio wanaokosekana kwenye korongo la kawaida. Na kwa wale walioko vijijini na wanaosoma haya kwenye simu zao: mvua za Singida zinaanza Novemba. Kabla ya hapo kuna muda wa kutosha wa kuitisha mkutano wa kitongoji, kutafuta kamba, kuchagua nyumba ya upande huu na nyumba ya upande ule, na kumwomba mwalimu mkuu aandike ile barua ya mistari miwili.